Mama Mkwe Amevimba Mguu, na Mimi Ndiye Niliyeapishwa Ninyamaze

Mshauri wangu mpendwa, nakuamkia kwa heshima zote, na kabla hujauliza kulikoni naomba msaada wako leo hii, si kesho, kwa sababu nimekalia siri ya mguu, tena mguu wenyewe si wangu, ni wa mama mkwe, na kila nikiutazama sijui kama nilie au nicheke, na Mungu ananiona, nimeshacheka.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, nafanyia kazi sebuleni kwetu, cherehani iko chini ya dirisha kwa ajili ya mwanga, na mume wangu ni fundi wa friji, mtu mwema asiye na makuu, ila mbele ya mama yake na yeye anageuka friji, ananguruma kidogo halafu ananyamaza. Tuna binti mmoja, ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe, nilimzaa kwa upasuaji, na sijamaliza hata wiki mbili nyumbani mguu wangu wa kushoto ukavimba ukawa wa moto, mimi nikadhani ni mambo ya uzazi, kumbe damu imeganda ndani ya mshipa, nikarudishwa wodini, nikachomwa sindano za tumboni, na mpaka leo nameza vidonge vya kuzuia damu isigande, na kila baada ya muda naenda kliniki wananitoa damu waone kama dozi imekaa sawa au imezidi.

Sasa hapo ndipo mama mkwe alipoingia, na usidhani namsema vibaya, ni mama wa watu amelea na kusomesha, lakini kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa kusimamia bweni la wasichana, na mpaka leo anadhani dunia nzima ni bweni, akiingia chumbani lazima anyanyue godoro aone chini kuna nini. Aliposikia damu yangu imeganda akaja na basi siku hiyo hiyo, akaniangalia kuanzia unyayo hadi kichwani, akamwambia mume wangu mbele yangu, "Mwanangu, ulioa haraka. Kwetu sisi damu ni maji, inatiririka. Hii ya mgando imetoka wapi?" Kuanzia hapo jina langu likawa Bi Mgando, kwa utani eti, utani wa kusema mbele ya wageni, "Bi Mgando, tuletee chai," na wifi yangu naye akalidaka, akipiga simu hanisalimii, anauliza Bi Mgando ameamkaje.

Kisha wakaitisha kikao, mama, wifi, na friji langu pale pembeni, wakaamua kwamba kabla ya kufikiria mtoto wa pili lazima nikapimwe damu ya ukoo, wanasema kuna kipimo cha kuonyesha kama mtu amerithi damu inayoganda ovyo, wifi amekisoma kwenye simu, na mtoto naye apimwe, ijulikane kama amechukua ya kwao au ya kwetu, na mama yangu mzazi aliposikia huko aliko akasema basi na wao wapimwe, tuone nani ana damu ya nani, yaani mtoto wa watu hajaota hata jino, ukoo mzima unamgombania mishipa.

Mimi nikasema nitapima, yaishe, ila kabla ya siku yenyewe mama akaanguka. Alikuwa amepanda juu ya stuli, na alichokuwa anatafuta huko juu ni vumbi, anataka aone kama huwa nafuta juu ya kabati, na vumbi alilipata, maana alishuka nalo, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta mpaka karibu na goti. Tangu hapo amekaa kwenye kochi letu, uso kwa uso na cherehani yangu, kutwa nzima, mguu juu ya meza ndogo, anahesabu mishono yangu, na maji hataki kunywa kwa sababu akinywa atataka kwenda chooni na akienda chooni itabidi nimshike mkono, na kushikwa mkono na Bi Mgando bora afe na kiu.

Juzi juzi plasta ikatolewa. Alhamisi nikamletea maji ya kunawa, akasema funga mlango, nikafunga, akapandisha gauni. Mshauri, mguu mmoja ulikuwa mguu, wa pili ulikuwa nguzo ya umeme, umevimba kuanzia chini hadi juu ya goti, unang'aa, una wekundu wa ajabu, nilipougusa ulikuwa na joto kama pasi, na nyuma kwenye kigimbi nilipobonyeza kidogo tu mama alivuta pumzi kwa meno. Mimi mguu ule naujua, nimelala nao hospitali. Nikamwambia, "Mama, huu ni ule wangu." Akasema, "Wako ni wako. Huu ulikuwa umefungwa kwenye plasta, sasa unapumua." Halafu akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu akasema, "Apa kwa huyu mtoto kwamba humwambii mume wako wala wifi yako. Nimewaambia ukoo mzima sisi damu yetu ni maji. Watanicheka mpaka kaburini."

Nikaapa. Na hapa ndipo panaponitesa, mshauri, kwa sababu tangu Alhamisi mama amebadilika. Haniiti tena Bi Mgando, ananiita mwanangu. Ameonja chai yangu akasema imekolea. Jana alimwambia wifi kwenye simu, nimesikia kwa masikio yangu, "Mwache mwenzako, anafanya kazi sana yule." Miaka yote niliyoolewa sijawahi kusikia neno kama hilo, na sasa nalisikia kila siku, na najua kabisa linatoka mguuni, mguu ukipona na wema utapona, basi shetani ananiambia acha kwanza, uonje hata wiki moja tu, nami naonja, nashona huku nacheka kimoyomoyo, halafu namtazama anavyojikunja akigeuza mguu, kicheko kinakatika, maana najua bonge la damu linaweza kuondoka mguuni likaenda kwingine, niliambiwa wodini, na aliyeniambia hakuwa anatania.

Kuna na lingine. Ananitaka nimkande kwa maji ya moto na nimchue kwa nguvu ili damu itembee, hilo nimelikwepa, nimesema mkono unauma. Lakini akaniomba vile vidonge vyangu, kwa siri, tutibiane wenyewe nyumbani bila kuandikwa popote, na jana jioni alilalamika sana nikaona huruma, nikampa kimoja, cha kwangu, mimi sikumeza. Leo anaomba kingine.

Naomba uniambie, mshauri, kiapo changu nikivunje, na nikikivunja nianzie kwa nani, na vidonge niendelee, na kile kipimo cha ukoo nipime mimi, au apime yeye, au tupime wote ijulikane moja? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi, ni kwa ajili yako tu, usiichape.

Mimi, mshonaji mwenye siri isiyo yake.

MSHAURI ANAJIBU

Binti, wasomaji wangu wanajua kwamba barua hupanga foleni. Yako ilikatiza foleni yote. Nilipofika pale kwenye mguu wa nguzo ya umeme nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai. Nilipofika kwenye kidonge, chai ilikuwa juu ya barua ya bwana mmoja anayelalamika kwamba mkewe anakoroma, na ninamwomba radhi kwa madoa. Nikageuza karatasi, nikapiga namba yako. Kilichofuata wewe unakijua, lakini nakisimulia hapa kwa ajili ya wenzako, maana najua wapo wengi wanaosoma safu hii huku wamefunika mguu kwa gauni refu. Mama mkwe wako ameniruhusu. Ametoa na sharti, nitalifikia.

Simu haikupokelewa na wewe.

"Nani?" Sauti nzito, ya kupanga watu mstari.

"Samahani mama, namwomba mshonaji."

"Anamwogesha mtoto. Pazia gani?"

"Si pazia, mama. Ni mazungumzo."

"Saa za kazi hakuna mazungumzo," akakata.

Nikapiga tena. Safari hii uliwahi wewe, ukaninong'oneza kwamba yuko hapo hapo kwenye kochi na ana masikio ya popo. Nikakuuliza swali moja tu: anapumuaje? Ukanijibu kwamba anapumua vizuri, ila tangu asubuhi akitoka chooni anakaa kwanza aheme, tena anashika ubavu, anasema ni gesi.

Hapo nilisimama. Binti, mtu mwenye mguu uliovimba ghafla upande mmoja, akianza kuhema bila sababu na kuchomwa kifuani akivuta pumzi, hiyo si gesi mpaka daktari aseme ni gesi. Bonge linaweza kuwa limeshapanda kwenye mapafu, na huko linaua mtu akiwa anaongea. Nilikwambia usimngoje mumeo atoke kazini, mpigie aje sasa, na kama yuko mbali tafuta gari lolote lenye injini. Ukasema, "Lakini nimeapa kwa mtoto." Nikakujibu kwamba mtoto huyo atataka bibi wa kumdekeza, na kiapo hicho nimekivunja mimi, dhambi iandikwe kwangu. Nikakuambia, mpe mama simu.

"Mama, mimi ndiye naandika ule ushauri gazetini."

"Ile ya waume za watu?"

"Hiyo hiyo."

"Sisi hatuna mambo hayo. Mwanangu ametulia."

"Najua. Nimepiga kwa ajili ya mguu."

Nikasikia kochi likilia. "Amekuambia."

"Ameniambia kwa sababu anakuogopa na anakupenda, kwa mpangilio huo huo."

"Mguu ulikuwa kwenye plasta, sasa unapumua."

"Mguu haupumui, mama. Anayepumua ni wewe, na nasikia leo unapumua kwa shida."

Sauti iliyonijibu ilikuwa imepungua, haikuwa ya bwenini. "Mwanangu, nikienda huko wataandika damu imeganda. Uso wangu nitauweka wapi? Huyu binti wa watu nimemwita Mgando mpaka wageni wakazoea."

Ningeweza kumhubiria hapo, na nakiri ulimi uliniwasha. Lakini mtu anayehema hahubiriwi, hupelekwa hospitali. Nikamwambia ukweli ambao nilijua utamnyanyua: "Mama, plasta haiulizi ukoo. Mtu akivunjika mguu, akafungwa, akakaa kwenye kochi wiki baada ya wiki bila kutembea, bila maji, na umri umesogea, na mwili una afya kama ninavyousikia kwenye kochi hilo, damu yake inaweza kuganda hata kama babu yake alikuwa mto."

"Kwa hiyo si ya ukoo?"

"Sababu inaonekana kwa macho. Ni ya plasta na kochi."

"Utaandika hivyo gazetini?"

"Nitaandika."

"Basi nileteeni viatu."

Sasa, mimi nami nina damu ya utukutu. Nilipomsikia anainuka nikaongeza, "Na kuzaa kwa upasuaji ni kama plasta, mama. Nako hakuulizi ukoo."

"Hilo," akasema akihema, "tutaliongea nikirudi."

Mume wako alifika na gari la kubebea friji, friji la mteja likiwa bado limefungwa kamba nyuma. Nasikia alipoona mguu hakunguruma wala hakunyamaza, alimbeba mama yake mikononi kama mtoto, mama akimfokea kwamba atamwangusha, naye akamjibu, "Mama, leo nyamaza wewe." Mhifadhi mwanamume huyo. Kumbe alikuwa mzima siku zote, alikosa tu kuchomekwa kwenye umeme.

Hospitalini walimpima mguu kwa mashine ya altrasaundi, wakampiga picha ya kifua ya mashine kubwa, na wakakuta bonge kwenye mshipa wa paja na vipande vidogo kwenye pafu la kulia. Wakampa hewa ya mtungi na sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda. Daktari alimwambia mumeo kwamba wangekaa nyumbani siku nyingine kadhaa, pengine wangemleta akiwa amefunikwa. Wewe ulisimama pale ukasema kwa mdomo wako kwamba ulimpa kidonge chako kimoja, na hapo nakusifu, kwa sababu daktari asiyejua mgonjwa amemeza nini anafanya kazi amefumba macho. Ulipigiwa kelele. Ulistahili.

Na mimi sijamaliza kukupigia zangu. Vidonge vile si pipi za kugawana. Hata wewe unayeandikiwa wanakutoa damu kila mara wajue dozi, kwa sababu ikipungua damu inaganda na ikizidi unavuja damu ndani kwa ndani. Ulimpa mama kidonge ambacho kimoja hakitibu kitu, na wewe mwenyewe ukalala bila dozi yako: kwa mkono mmoja umehatarisha wanawake wawili na hakuna hata mmoja aliyepata dawa. Kumkanda ulikwepa, vizuri, ila ulikwepa kwa uongo wa mkono kuuma. Mguu unaoshukiwa kuwa na bonge hauchuliwi, na hiyo ndiyo sababu ulitakiwa kuisema. Kuhusu ule utamu wa kuitwa mwanangu, sitakutupia mawe. Nami nilikuwa na mama mkwe. Lakini wema unaotoka kwenye mguu uliovimba ni wema wa kukopa uhai wa mtu, na wewe ulijua tangu Alhamisi, kwa sababu ulishalala na mguu kama ule. Kati ya watu wote wa nyumba hiyo wewe ndiye uliyekuwa na jicho la kuuona, ukalitumia kuchekea cherehani. Usirudie.

Sasa kipimo cha ukoo, maana simu zenu zilifuatana: wewe, mumeo, mama akiwa kitandani, na hata wifi. Nilimwuliza daktari wa damu, akanieleza kwa lugha ya watu, nami nawaeleza vivyo hivyo.

Ipo kweli hali ambayo mtu hurithi damu iliyo nyepesi kuganda. Wenyewe wanaiita thrombofilia. Lakini wengi walioirithi huishi mpaka uzeeni bila kuganda hata mara moja, na wengi waliowahi kuganda hawakurithi kitu. Kwa hiyo jibu la "unayo" si hukumu, na jibu la "huna" si kinga. Ndiyo maana daktari mwenye akili huuliza kwanza: nikijua, nitabadilisha nini? Kama dawa ni zile zile na tahadhari ni zile zile, kipimo hicho kinawafaa wanaotaka kugombana tu.

Wewe, binti, uliganda baada ya ujauzito na upasuaji. Hizo ni sababu mbili kubwa, zimekaa mezani, na kwenu hakuna aliyewahi kuganda kabla yako. Daktari wako haoni haja ya kukupima, na hata angeona, si sasa ukiwa kwenye vidonge, kwa sababu vidonge vinavuruga majibu. Ujauzito nao unayavuruga. Bonge bichi nalo linayavuruga, na hilo ndilo lililomkasirisha mama mkwe, kwa sababu alipolazwa tu aliagiza apimwe papo hapo ili jina la ukoo lisafishwe. Daktari akamwambia, "Mama, damu yako leo ukiiuliza swali hilo itasema uongo." Mama akamjibu kwamba ukoo wake hausemi uongo. Muuguzi akatoka nje kucheka.

Anayestahili kuzungumza na daktari kuhusu kipimo hiki ni mtu aliyeganda akiwa bado kijana bila sababu yoyote inayoonekana: hakuzaa, hakupasuliwa, hakuvunjika, hakulazwa. Ni mtu aliyeganda mahali pasipo pa kawaida, kama ubongoni au tumboni. Ni aliyeganda zaidi ya mara moja, au mwenye wazazi na ndugu wa tumbo moja walioganda mapema. Na mwanamke ambaye mimba zake zinatoka mara kwa mara anastahili kupimwa aina nyingine ya tatizo la kuganda, lisilo la kurithi, kabla hajaambiwa amerogwa. Hata hao, wapimwe kwa wakati ambao daktari amechagua, si siku ambayo kikao kimeamua.

Mtoto msimguse. Damu ya mtoto mchanga bado inajipanga, na hakuna dawa atakayopewa leo kwa ajili ya jibu hilo. Akikua akafikia umri wa kutaka vidonge vya kupanga uzazi au kubeba mimba, atamwambia daktari wake, "Mama yangu aliganda, na bibi yangu aliganda," na daktari ataamua. Maneno hayo mawili yana faida kuliko sindano yoyote mtakayomchoma sasa. Mama yako mzazi naye mwambie atulie huko aliko, hakuna mashindano.

Kuhusu wifi. Wifi, najua unasoma. Ulinipigia kwa sauti ya chini tofauti kabisa na ile ninayosimuliwa, ukaniuliza kuhusu vidonge vyako vya uzazi wa mpango, na ninakujibu hapa kwa sababu ulikata simu kabla sijamaliza. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa kuganda, na mtu ambaye mama yake mzazi ameganda anapaswa kulisema hilo kliniki hata kama hajapimwa chochote. Ziko njia nyingine za kupanga uzazi zisizo na homoni hiyo. Nenda kaulize wiki hii. Na ukienda, usijifanye umetumwa na rafiki.

Nakurudia, binti. Mimba nyingine ukiitaka utaibeba, hakuna kikao cha kukuzuia, ila siku ya kwanza kliniki utasema kwamba uliwahi kuganda, na pengine watakuchoma sindano za kinga mimba nzima na baada ya kujifungua. Utasema hivyo hivyo kabla ya upasuaji wowote. Ukiwa na pazia refu la kumaliza, inuka kwenye cherehani kila mara, zunguka chumba, kunywa maji. Vidonge vyako usiviache mwenyewe hata ukijisikia mzima wa kucheza ngoma. Anayevisimamisha ni aliyeviandika. Na mama akiambiwa atembee, atembee, hata kama anakwenda kukagua kabati, ila stuli iondoke ndani ya nyumba hiyo leo.

Sharti la mama mkwe nilitimize: mimi mshauri nathibitisha mbele ya wasomaji kwamba damu yake iliganda kwa plasta na kochi. Alitaka niishie hapo. Nimemwambia siwezi kuandika nusu, akaguna kwenye simu, kisha akasema, "Basi andika na ya huyu mwenzangu. Ya upasuaji. Usije ukasema nimekutuma."

Msamaha hajakuomba, nimekuuliza mara mbili na umesema hajakuomba. Lakini umeniambia kwamba juzi mlikuwa na miadi siku moja ya kupimwa damu, wewe ukachelewa kwa sababu ya mtoto, ukakuta benchi limejaa watu wamesimama mpaka mlangoni, na katikati ya benchi pana nafasi tupu iliyokaliwa na mkoba wake. Mwanamume mmoja alitaka kukaa. Akamwambia, kwa ile sauti ya bwenini, kliniki nzima ikasikia: "Hapa pana mtu. Ni mwanangu, tuna ugonjwa mmoja."

Binti, watu wa aina ile wakiomba msamaha huwa wanaomba hivyo, na usitegemee zaidi. Usimkumbushe jina la zamani, usimcheke mbele ya wifi, usimtazame kwa jicho la nilikuambia. Miadi ijayo ondoka nyumbani mapema, kaa pale alipokuwekea, mpakate mtoto, na wakimwita yeye kwanza, mshike mkono mpaka mlango wa chumba cha damu, hata akisema hataki.